Fahamu: Kisunzi cha sikio la ndani na dawa za mitishamba

Kisunzi ni ile hali ambayo mtu, ilhali ameketi kitako, huona nyumba na vilivyomo vikimzunguka; na mara nyingi asili yake si ubongoni bali ni katika sikio la ndani, jambo alilolieleza tabibu Prosper Ménière mjini Paris mwaka 1861.

Chanzo chake

Ndani ya kila sikio mna mifereji mitatu yenye maji, ambayo huuarifu ubongo kila kichwa kinapogeuka. Na vimo pia vijiwe vidogo mno vya chokaa, ambavyo vikibanduka na kuingia mferejini, mgonjwa ajigeuzapo kitandani hushikwa na kisunzi cha ghafula, kisha kikatulia, aghalabu kabla ya dakika kutimia.

Tangawizi na ginko

Tangawizi iliyopondwa na kuchemshwa yaweza kutuliza kichefuchefu kinachoandamana na kisunzi, na hiyo ni faraja isiyo haba, lakini haiwezi kukirudisha kijiwe mahali pake. Ama majani ya mti wa ginko, yanayotumika sana Ujerumani, ushahidi wake wahitilafiana, nayo yaweza kumzidishia hatari ya kutoka damu mtu atumiaye warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda.

Tiba ya vijiwe

Tabibu John Epley wa Marekani alieleza mwaka 1992 namna ya kukigeuza kichwa cha mgonjwa hatua kwa hatua hata vijiwe vikatoka mferejini pasipo dawa. Tiba hiyo ndiyo ya kutangulizwa.

Dalili za hatari

Kisunzi kikifuatana na ulimi mzito, uso kupinda, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, chaweza kuwa kiharusi: usingoje tangawizi ichemke, nenda hospitali saa ile ile.