Mafunzo ya Awali ya Mapigano katika Michezo ya Intaneti: Funzo kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Mtoto aitwaye ubaoni kabla hajafundishwa njia ya kukokotoa hesabu hujifunza jambo moja tu, nalo ni kuogopa ubao. Mkasa kama huo humpata mchezaji mgeni katika michezo ya intaneti ichezwayo na watu wengi, atumbukizwapo vitani pamoja na watu asiowajua. Katika makala haya tutaeleza jinsi watungaji wa michezo hiyo walivyolikabili tatizo hili. Hatukusudii vita viletwe darasani. Tunachotafuta ni mbinu ya kufundishia.

Tuchukue mfano wa Final Fantasy XIV, mchezo wa kampuni ya Square Enix ya Japani, uliozinduliwa upya mwaka 2013. Katika mapango yake ya kwanza huingia wachezaji wanne: mlinzi mmoja, mtibabu mmoja na washambuliaji wawili. Kazi ya mlinzi ni kuwavuta maadui wamshambulie yeye. Asipoijua kazi hiyo, maadui humgeukia mtibabu, na kundi zima huweza kuangamia. Hivyo kosa la mgeni huwagharimu wenzake watatu, naye hulitenda mbele ya macho yao.

Kwa sababu hiyo umewekwa ukumbi wa wanagenzi, ambao hufunguka mchezaji afikapo kiwango cha 15. Humo hufanya mazoezi mafupi, moja baada ya jingine, pamoja na wenzi wanaoendeshwa na kompyuta. Katika zoezi moja hujifunza kuondoka mahali palipotiwa rangi ardhini, kwani rangi hiyo ni dalili ya pigo lijalo. Katika jingine mlinzi hujifunza kuwavuta maadui kadhaa kwa pamoja, na katika jingine tena huwakabili maadui wanaoongezeka katikati ya pambano. Zoezi la mwisho huyaunganisha yote. Akishindwa, hurudia, wala hakuna wa kumcheka. Akifaulu, hutunukiwa mavazi ya vita, pamoja na pete inayomharakishia kupanda viwango vya mwanzo.

Hapa twaona kanuni tatu. Kwanza, ujuzi hugawanywa, ukafundishwa sehemu moja kwa wakati mmoja. Pili, mwanafunzi hufundishwa kutambua dalili kabla ya kudaiwa kitendo. Tatu, faragha hutangulia hadhara. Tuzitumie katika kusoma kwa sauti. Mwalimu asimsimamishe mtoto asome aya nzima siku ya kwanza. Ayatoe maneno magumu, ayasomeshe. Aonyeshe nukta na mkato kuwa ni dalili za kupumzika. Kisha watoto wasomeane wawili wawili. Ndipo mtoto asimame mbele ya wenzake.

Hata hivyo, ukumbi huo una kasoro: kuingia ni hiari. Mwenye kuona haya kuitwa mwanagenzi aweza kuupita mlango wake, naye huenda ndiye mwenye haja kubwa zaidi. World of Warcraft, mchezo uliotoka mwaka 2004, ulifuata njia nyingine mwaka 2020. Mchezaji mgeni kabisa huanzia safari ya merikebu, hufanya mazoezi ya kupigana sitahani, kisha huendelea kisiwani hadi kiwango cha 10. Mafunzo yamekuwa sehemu ya njia yenyewe. Nasi vivyo hivyo: msaada kwa mtoto anayechelewa, pale inapowezekana, uwe ndani ya somo la wote, asitengwe kwa kunyoshewa kidole.

Katika mchezo ule wa kwanza, mgeni huwekewa alama ya chipukizi kando ya jina lake, ili wenzake wamtambue na kumvumilia. Darasa nalo lizoezwe uvumilivu huo. Basi, mwalimu mwanafunzi, unapoandaa somo lako lijalo, jiulize: mtoto atakosea wapi kwanza, na ni nani watakaokuwa wakimtazama?