Vyombo na Wenye Vyombo: Habari za Vikundi vya Muziki katika Tunduma na Nchi ya Songwe

Miongoni mwa wanamuziki wa Tanzania neno "vyombo" lina maana iliyo nyembamba kuliko ile ipatikanayo katika kamusi. Kwao vyombo ni magitaa, ngoma, kinanda, vipaza sauti na nyaya zinazoviunganisha. Na mtu asemapo kwamba bendi fulani "haina vyombo", hana maana kwamba haina wapigaji. Wapigaji huenda wakawa wengi, tena hodari. Maana yake ni kwamba vitu wanavyopigia ni mali ya mtu mwingine, na siku mtu huyo atakapovitaka, muziki utanyamaza. Katika tofauti hii ndogo ya maana imefichwa sehemu kubwa ya habari ya kuzaliwa na kufa kwa vikundi vya muziki katika miji iliyo mbali na Dar es Salaam, na Tunduma ni mahali panapofaa sana kwa kuiangalia.

Tunduma u mpakani mwa Tanzania na Zambia, ukitazamana na Nakonde. Zamani ulihesabiwa katika Mkoa wa Mbeya. Tangu mwaka 2016 umo katika Mkoa wa Songwe, ambao makao yake makuu yako Vwawa na ambao una wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia hupita hapo, na reli ya TAZARA vilevile, iliyojengwa kuanzia 1970 na kukabidhiwa 1976, yenye urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Wenyeji wa nchi ni Wanyiha katika Mbozi, Wanyamwanga na Wawanda katika Momba, Wandali na Walambya katika Ileje, na Wabungu upande wa Ziwa Rukwa. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka, kwa kuwa mpaka uliwakuta wamekwisha kukaa. Wageni nao ni wengi: wafanya biashara, mawakala wa forodha, wabadilishaji wa fedha, na madereva wa malori wanaongoja karatasi zao.

Kwa mwanamuziki mji wa namna hii ni neema na taabu kwa pamoja. Ni neema kwa sababu kila usiku wapo watu wenye fedha mkononi na wasio na kazi ya kufanya hadi asubuhi. Ni taabu kwa sababu watu hao si wale wale. Wimbo mpya huhitaji kusikiwa mara nyingi kabla ya kupendwa, na msikilizaji wa leo kesho yuko njiani kwenda Lusaka. Ndiyo sababu mwenye baa aghalabu huona afadhali kuwapigia wageni nyimbo zilizokwisha kujulikana kila mahali, ambazo hazimgharimu ila umeme. Mwanamuziki wa mahali hapo hashindani na mwanamuziki mwenzake. Hushindana na mashine iliyobeba sauti za mashuhuri wa Dar es Salaam, Lusaka na Kinshasa. Hapana budi, basi, awe na tegemeo jingine lisilokuwa wapita njia, na habari za zamani zaonyesha kwamba tegemeo hilo lilipata kuwako.

Mfano wa kale ulio bora ni ngoma ya beni. Ilianza pwani, katika Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, kwa kuiga bendi za kijeshi za Wazungu, ikaenea Tanga, Dar es Salaam na bara kabla ya Vita Kuu ya 1914. Ilikuwa na vyama viwili vilivyoshindana, Marini na Arinoti. Watazamaji wa Kizungu waliona sare, filimbi na gwaride. Baadhi yao walicheka, na wengine, hasa wakuu wa serikali, waliingiwa na shaka. Waliofikiri juu ya hesabu za fedha walikuwa wachache, na hesabu ndiyo iliyokuwa roho ya jambo lenyewe. Kila chama kilikuwa na maofisa wenye vyeo. Wanachama walitoa michango, na kwa michango hiyo ngoma na sare zilinunuliwa, mgonjwa alisaidiwa, na mgeni aliyekufa mbali na kwao alizikwa kwa heshima. Mtu aliyehamia mji mwingine aliweza kukuta huko wenzake wa chama kile kile. Muziki ndio uliowakusanya watu, lakini haukuachiwa peke yake kazi ya kuwashikilia.

Vita ndivyo vilivyoisukuma beni mpaka nchi hizi za ndani. Askari na wapagazi wa pande zote mbili waliicheza makambini. Mwanzoni mwa Novemba 1918 jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck lilipita katika nchi hii ya mpakani, likashambulia boma la Waingereza la Fife, karibu na Nakonde ya leo, bila kuliteka. Likaendelea hadi Kasama, na tarehe 25 ya mwezi huo likaweka silaha chini huko Abercorn, ambayo sasa huitwa Mbala. Vita vilipokwisha, watu waliokuwamo walitawanyika kwenda makwao Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland na Tanganyika, nao wakaichukua beni. Jambo la kuangaliwa na wanafunzi wa Kiswahili ni kwamba nyimbo za beni ziliimbwa kwa Kiswahili hata mahali ambapo wasikilizaji walikuwa na lugha nyingine kabisa. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi na ya mjini, na aliyeimba kwa lugha hiyo alijihesabu kuwa mtu wa mjini. Mara nyingi husemwa kwamba lugha hii ilienezwa bara na misafara, shule na serikali. Ni haki kuitia ngoma katika orodha hiyo.

Baadaye beni ilibadilika. Katika nchi za Ziwa Nyasa iligeuka ikawa malipenga na mganda, na katika miji ya migodi ya shaba ikatokea kalela, ambayo J. Clyde Mitchell aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1956. Katika malipenga, tarumbeta la shaba lilipewa badala: kibuyu kilichotobolewa na kuwekewa utando mwembamba, ambacho mtu hukiimbia ndani kikatoa mlio wa tarumbeta. Kwa mtazamaji wa mbali kibuyu hicho huenda kikaonekana kuwa cha mzaha. Kwa kweli kiliwaondolea wachezaji shida yao kubwa, maana chapatikana shambani, na hakuna tajiri awezaye kukidai.

Gitaa lilikuja kwa njia nyingine. Vijana wengi wa nyanda za kusini walikwenda kufanya kazi Ukanda wa Shaba, na wengine walirudi na magitaa na mitindo ya huko. Redio ilisaidia. Mwaka 1949 zilianza kuuzwa Rhodesia ya Kaskazini redio za betri zilizopewa jina la Saucepan Special kwa sababu ya umbo lao la sufuria, na kituo cha Lusaka kilitangaza kwa lugha za Waafrika na kurekodi waimbaji wao, kama Alick Nkhata. Mawimbi ya redio hayakujua mpaka. Katika miaka ya 1970 Rais Kaunda aliagiza kwamba muziki wa redioni, isipokuwa sehemu ndogo, uwe wa Zambia. Na mtindo wa kalindula, uliokuwa wa vijijini, ukapata kurekodiwa na vikundi kama Serenje Kalindula Band. Serenje iko kwenye barabara na reli ile ile iletayo watu Tunduma, na yaweza kusemwa kwamba kwa masikio ya watu wa mpakani Serenje ilikuwa jirani kuliko Dar es Salaam.

Upande wa Tanzania mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900 kutoka Tunduma. Kwa muda mrefu Radio Tanzania ilikuwa redio pekee ya nchi upande wa Bara, na studio yake ndiyo iliyorekodi bendi za dansi. Kiwanda cha kutengeneza santuri hakikuwako nchini, na santuri zilitengenezwa Nairobi. Bendi ya mkoani iliyotaka kusikiwa ililazimika kusafiri. Walakini vyombo vilipatikana kwa sababu vilinunuliwa na mashirika. Bendi ya NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 na chama cha wafanya kazi, na chama kilipobadili jina, bendi nayo ikabadili, ikawa JUWATA, kisha OTTU, na mwisho ikaendelea kwa jina la Msondo Ngoma mikononi mwa wanamuziki wenyewe. Mlimani Park, iliyoanza 1978, ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, likaitilia herufi DDC. Mwaka 1985 Muhiddin Maalim Gurumo na wenzake kadhaa waliiacha na kwenda Orchestra Safari Sound. Watu wengi walidhani Mlimani Park imekwisha, lakini vyombo vilibaki, jina lilibaki, wapigaji wengine wakaingia, na muziki ukaendelea. Bendi ya tajiri mmoja haina ulinzi huo: afilisikapo, achokapo au afapo, magitaa huuzwa.

Katika nchi ya Songwe yenyewe ulinzi wa namna hiyo umeonekana zaidi kanisani kuliko katika kumbi za dansi. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891 na kuanzisha kituo cha Mbozi mwaka 1899. Hawakuzipenda ngoma za wenyeji, na hasara iliyotokana na hayo haikuwa ndogo. Lakini walikuja na desturi yao ya kale ya kupiga tarumbeta, na desturi hiyo imeota mizizi katika makanisa ya kusini kuliko walivyotazamia walioileta. Tarumbeta ni mali ya usharika. Kijana hufundishwa na mkubwa wake bila ada. Akihama au akifa, tarumbeta hurudishwa na kupewa mwingine. Kwaya nazo huendeshwa vivyo hivyo: zina mwenyekiti, mweka hazina na siku za mazoezi, na sare hununuliwa kwa michango. Atazamaye atakuta mambo yale yale yaliyoiweka beni hai, ingawa beni ilihesabiwa kuwa ya kidunia, na wazee wa kanisa wangeukataa udugu huo.

Siku hizi kompyuta imeondoa safari ya Dar es Salaam. Chumba kimoja, maiki moja na fundi mmoja vyatosha kurekodi wimbo kwa siku moja, na simu huueneza kabla ya jua kuchwa. Hili ni jema, wala haifai kulilalamikia. Lakini linaleta taabu ya namna yake. Mwimbaji hupewa mdundo uliokwisha kutengenezwa na fundi, huimba juu yake peke yake, na jukwaani huimba juu ya mdundo ule ule ukitoka katika spika. Hapo hapana mpiga besi wa kugombana naye wala kijana wa kubeba ngoma ambaye mwaka ujao atakuwa mpigaji. Kurekodi kumekuwa rahisi, na rahisi hiyo imezaa nyimbo nyingi na vikundi vichache. Vyombo navyo vingali na mwenyewe, isipokuwa sasa ni kompyuta ya fundi na spika za baa.

Kikundi kinachotaka kuwa na vyombo vyake chaweza kuvipata, kama kitaelewa fedha ya nchi yake inakotoka. Mbozi ni nchi ya kahawa, na fedha ya kahawa huja kwa majira. Baada ya mavuno harusi na sherehe huwa nyingi, na mwenye harusi, tofauti na mpita njia, huchagua kikundi anachokijua, naye huwaita hicho hicho mwaka mwingine kwa harusi ya mdogo wake. Mapato ya majira hayo ndiyo ya kununulia vyombo. Hesabu yake si ngumu: watu watano hugawa mapato mafungu sita, na fungu la sita hutolewa kwanza, kabla mtu hajashika lake, likawa la vyombo. Kila asemaye kwamba fungu hilo litatolewa mwisho hujua kwamba mwisho hapatakuwa na kitu. Tena yafaa iandikwe, mbele ya watu wote, kwamba anayeondoka haondoki na gitaa. Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984, huandikisha vikundi, na afisa utamaduni wa wilaya ndiye mlango wa karibu. Katiba inayotakiwa kwa uandikishaji huandikwa na wengi kama karatasi ya kumridhisha ofisa, kumbe ndipo mahali pa kuliweka sharti hilo.

Liko na suala la lugha. Aimbaye Kiswahili hutumaini nchi nzima, naye hupimwa na nchi nzima. Aimbaye Kinyamwanga ana wasikilizaji wachache zaidi, lakini wako Tunduma na Nakonde, na katika vijiji vya pande zote mbili, wala hakuna studio ya Dar es Salaam au Lusaka inayoweza kumshinda kwao. Wako wanaoweza kuchanganya Kiswahili, Kinyamwanga na Kibemba katika ubeti mmoja, kama watu wa sokoni wasemavyo kila siku, na mchanganyiko huo ambao mwalimu wa shule angeukosoa ndio usemi halisi wa mji huu.

Wimbo wa namna hiyo hupita mpakani bila karatasi, ila haki yake haipiti vivyo hivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, humlinda mtunzi aliye Tanzania, na kazi yake huandikishwa COSOTA. Ng'ambo, mirabaha hukusanywa na chama cha Zambia, ZAMCOPS. Mtunzi wa Tunduma ambaye wimbo wake hupigwa kila Jumamosi katika kumbi za Nakonde, mahali anapoweza kufika kwa miguu, amo katika nchi nyingine kwa hesabu ya mirabaha, na kama hakuandikisha wimbo wake, na chama cha huko hakina habari zake, husikia sauti yake mwenyewe ikivuka barabara usiku na hapati kwacha wala shilingi.