Shahada ya fedha: mzazi wa Igogwe akague nini?

MFANYABIASHARA wa viazi wa Igogwe, wilayani Rungwe, hanunui gunia bila kukagua viazi vya chini. Shahada ya biashara, inayokula ada ya miaka mitatu na pengine mtaji wa duka, nayo inastahili ukaguzi huo.

Kwanza, aina ya shahada. Anayetaka kuwa mkaguzi wa hesabu atahitaji CPA ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA). Shahada ya uhasibu humwezesha kuruka mitihani ya ngazi za mwanzo. Anayelenga benki au Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza mauzo Aprili 1998, atazame masomo ya fedha na uwekezaji.

Pili, mahali. Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), kilichoundwa kwa sheria ya 1972, kina makao yake Dar es Salaam. Chuo Kikuu Mzumbe na Taasisi ya Uhasibu (TIA) vina matawi Mbeya, ambako nauli ni ndogo na chakula chaweza kutoka shambani. Akiba hiyo italipia mitihani ya bodi, ambayo wazazi wengi huisahau wanapopiga hesabu.