Salmonela ya Mukuru: Kuku Si Mshukiwa Pekee

Mtu mzima mwenye afya akila chakula chenye salmonela huharisha siku mbili tatu, akapona, maisha yakaendelea. Kwa hiyo wakazi wengi wa mitaa ya Nairobi kama Umoja na Donholm huihesabu kuwa shida ya tumbo tu. Bakteria hao hao wakimwingia mtoto mdogo aliyedhoofishwa na lishe duni pale Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabanda wa jiji hilo hilo, wanaweza kupenya utumbo na kuingia kwenye damu. Ajabu ni kwamba mara nyingi haharishi hata kidogo. Huwa na homa, pengine na kikohozi, na mzazi yeyote atadhani ni malaria au nimonia. Mwaka 2017, salmonela ya damu isiyo homa ya matumbo ilikadiriwa kuwapata watu 535,000 duniani na kuua 77,500, wengi wao Afrika, kusini mwa Sahara. Wanaolemewa zaidi ni watoto wa chini ya miaka mitano, hasa wenye utapiamlo, malaria, upungufu wa damu au selimundu, pamoja na watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI bila kutumia dawa. Huko Kilifi, malaria ilipopungua, maambukizi haya nayo yalipungua, ushahidi kwamba hali ya mwili nayo ina uzito, si usafi wa sufuria tu.

Wapo watakaosema mchawi anajulikana: kuku na mayai. Nyama ipikwe ikaive, hilo halina ubishi. Lakini mtafiti Samuel Kariuki na wenzake wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, walipopima nyumbani kwa watoto wagonjwa, matokeo waliyochapisha mwaka 2006 yalionyesha kwamba vimelea vya mifugo na mazingira kwa kiasi kikubwa havikufanana na vya watoto, ilhali baadhi ya watu wa nyumba hizo walibeba vinavyofanana navyo, wenyewe wakiwa wazima. Ukishalijua hilo, unaitazama upya mipira ya maji inayopita ndani ya mitaro ya majitaka, choo kinachotumiwa na ploti nzima, na uji uliopikwa alfajiri ukakaa vuguvugu hadi mchana, ukakorogwa kwa mkono usiooshwa. Kumfukuza mama mboga barabarani hakuondoi hata kimoja kati ya hivyo.

Na dawa za kemisti je? Vimelea hivi vimeshazizoea nyingi: ampisilini, kloramfenikoli na septrini hushindwa mara kwa mara, na hata seftriaksoni, sindano ya kutegemewa hospitalini, imekwisha kukutana na vinavyoihimili humu nchini. Kipimo cha Widal, kinachopendwa mno mitaani, hutafuta dalili za homa ya matumbo na hata hiyo hukosea. Kinachohitajika ni kuotesha damu maabara, nayo itolewe kabla ya antibiotiki ya kwanza. Matokeo huchukua siku kadhaa, hivyo mtoto aliyelegea asisubiri majibu ndipo atibiwe. Chanjo ya homa ya matumbo iliyoanza kutolewa kitaifa mwaka 2025 ina faida kubwa, ila hailengi salmonela hii: aliyechanjwa akipata homa isiyoshuka, bado apelekwe hospitali.