"While" au "although"? Kiunganishi kimoja chaweza kuiharibu barua yako

Ziko barua ambazo karibu kila familia hujikuta ikiziandika kwa Kiingereza: ya kuomba basari, ya kutafuta kazi, au ile ya kumsihi mwalimu mkuu asubiri salio la karo. Mara nyingi kinachoziharibu si msamiati mgumu, bali viunganishi, yaani yale maneno madogo yanayofunga kauli mbili pamoja.

Tuseme unaishi Chechelesi, Isiolo. Katika kaunti hiyo ya Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wameru na Wasomali, mtoto aweza kuzungumza lugha ya mama nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza darasani. Kiingereza chake huja kikiwa cha tatu, nacho hubeba mazoea ya zile mbili za kwanza. Hebu basi tuyachambue maneno yanayotatiza zaidi.

Muda au tofauti?

Neno "while" lina kazi mbili. Asili yake ni muda. Hata leo Waingereza husema "a while" wakimaanisha kitambo. Baadaye likatwikwa pia mzigo wa kuonyesha tofauti. Kiswahili hugawa kazi hizo: "huku" au "wakati" kwa muda, "ilhali" kwa tofauti, na "ingawa" kwa jambo ambalo lingeweza kuzuia jingine lakini halikulizuia.

Sasa msichana anaomba basari na kuandika: "While my father was sick, I went to school." Kamati itaelewa kwamba baba aliugua na wakati huo binti alikuwa shuleni, basi. Huenda mmoja wao akauliza mbona hakubaki kumwuguza mzazi wake. Alichokusudia ni kwamba ingawa baba aliugua, yeye hakuacha masomo. Aandike: "Although my father was sick, I did not leave school." Hapo ndipo jitihada yake itakapoonekana.

Kama nia ni kulinganisha tu, "whereas" ni salama zaidi: "My brother went to school, whereas I herded goats." Yaani kaka alisoma ilhali mimi nilichunga mbuzi. Neno hili halina habari na saa. Hata hivyo, ni la barua rasmi. Ukilitumia katika gumzo utadhaniwa uko mahakamani.

Usimfuate "although" na "but"

Kwa Kiswahili cha kila siku twasema, "Ingawa mvua ilinyesha, lakini tulifika," na hakuna anayekereka. Kiingereza hakikubali. "Although it rained, but we arrived" ni kosa ambalo mwalimu atalipiga wino mwekundu mara moja. Chagua moja: "Although it rained, we arrived," au "It rained, but we arrived."

Aidha, "licha ya" ni "despite" au "in spite of". Kwa kuwa Kiswahili kina "ya", wengi huandika "despite of". Hakuna neno kama hilo. Sema "despite the rain".

"When" na "while"

Kiambishi chetu "-po-" hufanya kazi ya yote mawili: lori lilipofika, tulipokuwa tumelala. Kwa Kiingereza, tukio la mara moja huchukua "when", nalo lililoendelea kwa muda hufaa "while": "When the lorry arrived, we were sleeping." Ukiligeuza: "While we were sleeping, the lorry arrived."

"When" au "if"?

Hapa, msomaji, tahadhari sana. Kwa Kiswahili unaweza kumwambia mwalimu mkuu, "Nitalipa salio tukiuza mbuzi." Hiyo "-ki-" yaweza kuwa ahadi au shaka, na msikilizaji hutambua kwa sauti na uso wako. Karatasi haina uso. Ukiandika "when we sell the goats", umeahidi kwamba mbuzi watauzwa, kilichobaki ni siku tu. Ukiandika "if we sell the goats", umesema huenda wasiuzwe.

Wakazi wa Isiolo wanaijua tofauti hiyo vizuri. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022, misimu 5 ya mvua ilikosa kufaulu mfululizo kaskazini mwa Kenya. Mfugaji aliyesema wakati huo "mvua ikinyesha nitalipa" alikuwa na haki ya kuandika "if". Lakini kama mnunuzi amekwisha kubaliana nawe bei na siku, usijidhulumu; andika "when".

Dawa ni ipi?

Kabla ya kuandika, itamke sentensi kwanza kwa Kiswahili. Ikikubali "huku", tumia "while". Ikikubali "ilhali", tumia "whereas". Ikikubali "ingawa", tumia "although" na umwache "but" apumzike. Ikiwa na "-ki-", jiulize: nina hakika, au natarajia tu?

Jioni ya leo, baada ya chakula, mpe mwanao zoezi hili aliandike kwa Kiingereza: "Ingawa sina viatu, nitafika shuleni mapema", "Mama aliporudi, nilikuwa nikisoma", "Nikifaulu, nitakuwa daktari." Kwa ile ya tatu, mwulize ni kwa nini amechagua "if" au "when", kisha msikilize anavyojieleza.