Tairi la 26 Lililonifundisha Kuuza Spea kwa Simu

Mi nauza spea za baiskeli hapa Makambako. Nina kibanda kidogo, lakini mauzo yangu mengi yanatoka kwenye simu: stetasi ya WhatsApp, Facebook, na watu wanaopeana namba yangu. Niliishia kidato cha nne. Ufundi sijausomea popote, nimejifunza kwa kukaa na mafundi na kwa kula hasara. Leo nawapa hasara yangu moja ili ninyi msiile.

Ilikuwa mwaka jana mwezi wa sita. Watu wa huku mnaijua baridi ya mwezi wa sita: asubuhi ukungu umelala barabarani, vidole vinakufa ganzi. Baba mmoja wa upande wa Njombe akanipigia. Kila alfajiri anapeleka maziwa kwa baiskeli kwenye kituo cha kukusanyia. Tairi lake la nyuma lilikuwa limekwisha.

"Kamwene, binti. Nataka tairi ya ishirini na sita na glovu za baridi."

"Kamwene, baba. Vipo. Tuma hela, mzigo unakuja na basi la jioni."

Akatuma. Nikafunga mzigo, nikampa kondakta. Yaani dakika kumi nimeshauza. Nikajiona mjanja kweli.

Kesho yake mchana simu ikaita. "Binti, fundi amehangaika mpaka amechoka. Hii tairi ni ndogo, haipandi kwenye rimu."

Nikaanza kubisha. "Baba, si umesema 26?"

"Ndiyo, ni 26. Hata ile ya zamani imeandikwa 26."

"Na hiyo niliyotuma imeandikwa 26."

Wote wawili tulikuwa tunasema kweli, na hapo ndipo lilipokuwa tatizo. Baiskeli yake ilikuwa mtumba wa Japani, tairi lake ni 26 x 1 3/8. Mi nilimtumia 26 x 1.95, la zile baiskeli za matairi manene yenye meno. Jina moja, rimu mbili tofauti kabisa.

Tairi likarudi, jingine likaenda. Zikapita siku tatu. Siku hizo alipeleka maziwa kwa bodaboda, na hela ya boda ikamla sehemu kubwa ya mauzo. Mi nililipia mzigo kurudi na kwenda tena, 6,000 jumla, wakati faida yangu kwenye tairi lile ilikuwa 4,000. Nilipompigia kuomba radhi hakunitukana. Alisema tu, "Binti, ng'ombe hajui kwamba tairi haijafika."

Neno hilo lilinikaa. Mi nilikuwa nahesabu nimeuza tairi, kumbe mwenzangu alikuwa ananunua asubuhi yake. Toka siku hiyo nina sheria moja: hakuna picha ya namba, hakuna mzigo. Hivi ndivyo ninavyofanya sasa.

1. Tairi: soma namba ya ubavuni

Mwambie mteja afute tope kwenye ubavu wa tairi la zamani, apige picha ya maandishi. Mbali na ile 26 au 28 tuliyoizoea, tafuta namba mbili zenye kistari katikati, mfano 37-590. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipimo cha pale tairi linapokaa kwenye rimu. Hiyo ya pili ndiyo bosi.

- 26 x 1.95 inaishia na 559.
- 26 x 1 3/8 inaishia na 590.
- 28 x 1 1/2, la zile baiskeli kubwa za kubebea mizigo, inaishia na 635.
- 700C inaishia na 622, na matairi mengine ya aina hii nayo yanaandikwa 28.

Namba ya pili isipolingana, usitume. Ikilingana, angalia na upana, maana tairi nene sana linaweza kusugua madigadi au fremu. Namba ikiwa imefutika, mwambie aangalie tairi la mbele, mara nyingi yanafanana. Bado haisomeki? Mwambie fundi wake akupigie.

2. Tyubu: omba picha ya mdomo

Kuna mdomo mnene kama wa gari, na kuna mwembamba wenye kinati kidogo juu cha kulegeza kabla ya kupampu. Tundu la rimu likiwa dogo, mdomo mnene haupiti. Usimwambie mteja atoboe rimu ili wewe uuze.

Mzigo ukienda, tuma na sauti fupi ya WhatsApp: atie upepo kidogo kwenye tyubu kabla ya kuiingiza ili isijikunje, asitumie bisibisi kubandua tairi maana inakata tyubu, na kama ubavuni kuna mshale, uelekee tairi linakozungukia.

3. Pedali: kushoto siyo kulia

Pedali zinauzwa pea, lakini hazifanani. Zina alama L na R. L ni kushoto, R ni kulia. Ya kulia inakazwa kama kawaida. Ya kushoto inakazwa kinyume. Mteja asiyejua atalazimisha na spana mpaka aue nyuzi za krenki, halafu atasema umemuuzia pedali mbovu. Mi naandika kwa maka pen juu ya boksi: KUSHOTO, KAZA KINYUME. Inachukua sekunde tano. Na kabla hujatuma, pima unene wa skrubu. Zipo za nusu inchi na zipo za 9/16.

4. Cheni: uliza kama ina gia

Baiskeli isiyo na gia za kubadilisha kwa kawaida inatumia cheni pana. Yenye gia nyingi inatumia nyembamba. Ukimpelekea mwenye gia cheni pana, itamsumbua njia nzima. Swali moja tu, "Baba, ina gia ngapi?", linakuokolea nauli.

5. Glovu na makoti: usiuze uongo

Msimu wa baridi glovu zinatoka sana huku kwetu, hasa za mtumba. Zamani niliandika "haziingii maji" kwenye kila glovu nene. Sasa napima mwenyewe: navaa, natumbukiza mkono kwenye beseni la maji dakika kumi bila kuzamisha mdomo wa glovu. Vidole vikilowa, naandika "za baridi kavu" na bei inashuka. Watu wananunua hivyo hivyo, ila hawarudi na maneno.

Jambo la pili ni breki. Glovu nene kupita kiasi inafanya kidole kisishike vizuri mkono wa breki, na kukiwa na umande au mvua, rimu zimelowa, breki zinachelewa kukamata. Mwambie mteja avae, ashike breki mara kadhaa akiwa amesimama, ndipo aingie barabarani. Pima upana wa kiganja kwa futikamba, uandike kwenye tangazo badala ya "saizi zote".

Koti la mvua lisiwe refu la kuburuta, linaingia kwenye cheni au spoku. Mwendesha baiskeli wa alfajiri ninamshauri pia reflekta, nyekundu nyuma na nyeupe mbele, kwa sababu kwenye ukungu dereva wa lori hakuoni mpaka akufikie. Na kama hela ya koti zito hana, namwambia atandike gazeti kifuani chini ya sweta. Linazuia upepo, na wala siliuzi mimi. Mteja unayempa ushauri usiokuingizia hela ndiye anayekuja kununua kesho.

Najua mtu atasema maswali mengi yanakimbiza wateja. Kweli, wapo walioniacha wakaenda kwa anayetuma bila kuuliza. Wengine wao wamerudi, tena na picha mkononi.

Na yule baba wa maziwa? Mwaka huu baridi ilipoanza, kabla hata ya salamu, ilinifikia picha WhatsApp. Tairi la mbele, limefutwa tope vizuri, na kidole kimewekwa juu ya 37-590. Kidole chenyewe kimo ndani ya glovu niliyomuuzia. Chini akaandika: "Binti, hii hapa namba. Ng'ombe wanakusalimia."

Mwenzangu, hata kama huuzi baiskeli, bidhaa yako ina namba yake ya ubavuni. Kama ni chaja, angalia kichwa chake. Kama ni viatu, pima urefu wa unyayo kwa sentimita, na kama ni gauni, pima kiuno. Ya kwako ni ipi, na ilikugharimu kiasi gani mpaka ukaijua? Tuandikie hapo chini, tuokoane.