Gemu ya Kunyata kwa Hesabu za Kilole

Mabanda ya gemu hapa Korogwe, yawe Kilole, Manundu au Old Korogwe, yamejengwa juu ya mpira. Mechi moja ni dakika chache, aliyefungwa anatoa hela na kumwachia pedi anayefuata, foleni inasogea. Sasa mlete hapo mtu anayetaka gemu ya kunyata: kujibanza nyuma ya ukuta, kumsoma mlinzi anavyozunguka, kungoja ageuke ndipo uvuke uwanja. Dakika tano zinapita na kwenye TV hakuna kilichotokea. Waliokaa kwenye benchi wanaanza kuguna, na mwenye banda anatazama saa. Utamu wote wa gemu hizi uko kwenye kungoja, na bandani kungoja kunalipiwa.

Kwa hiyo mtu akiniuliza ipi nzuri kati ya Metal Gear, Hitman na Assassin's Creed, mimi humuuliza kwanza anachezea wapi na muda anaulipaje. Gemu hiyohiyo inaweza kuwa dhahabu sebuleni na hasara tupu bandani.

Tufanye hesabu. Tuseme banda linatoza shilingi 1,000 kwa saa. Kama bei ya kwenu ni nyingine, badilisha namba, mwendo ni uleule. Hitman: Blood Money ya 2006 inamalizika kwa kama saa 10 au 12 ukiwa si mtu wa kutafuta ukamilifu. Metal Gear Solid 3: Snake Eater, iliyotoka 2004, inakula saa kama 16. Assassin's Creed Mirage ya 2023 ni saa 15 hivi. Metal Gear Solid V: The Phantom Pain, ya Septemba 2015, inafika saa 45 kwa hadithi peke yake. Yaani bandani Phantom Pain itakugharimu 45,000, nawe utatoka mikono mitupu.

Nyumbani, PS4 pamoja na TV ya kisasa ya inchi 32 vinakula kama wati 200, kwa hiyo saa 45 ni uniti 9. Kwa bei iliyowekwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa D1, yule wa matumizi madogo, analipa shilingi 100 kwa uniti 75 za kwanza za mwezi, na wa T1, wa matumizi ya kawaida, analipa 292. Ongeza VAT na zile asilimia za REA na EWURA, inakuwa kama 122 na 356. Saa zote 45 za Phantom Pain ni kama shilingi 1,100 kwa mwenye D1 na 3,200 kwa mwenye T1. Bajaji ya siku mbili tatu inazidi hapo. Mwenye D1 tu ndiye achunge: PS4 ikiwaka saa tatu kila siku inaongeza uniti 18 kwa mwezi, na nyumba iliyokuwa ikicheza karibu na 75 itavuka. Uniti za juu ya hapo ni 350 kabla ya kodi, na anayenunua luku atauliza tu kulikoni. PS2 haina kesi hiyo. Yenyewe na TV ya chogo hazifiki popote pa kutisha.

Kwa hiyo gharama kubwa ni mashine na diski. Umeme ni wa kusingizia.

Nianze na Phantom Pain, maana ndiyo vijana wanaoitaka zaidi na ndiyo yenye mengi ya kusifiwa na ya kulaumiwa. Hadithi ni ya 1984. Nusu yake iko Afghanistan wakati wa vita vya Warusi, na nusu ya pili iko mpakani mwa Angola na Zaire, huku kambi ya mchezaji ikielea baharini upande wa Ushelisheli, jirani zetu wa Bahari ya Hindi. Hideo Kojima, aliyeanzisha mfululizo huu, alitengeneza ulinzi wenye akili kuliko gemu yoyote ya kunyata niliyoigusa. Ukizoea kuwapiga walinzi risasi za kichwa, baada ya muda wanavaa helmeti. Ukivamia usiku kila mara, wanaletewa miwani ya kuonea gizani. Ukiwazibia pumzi kwa gesi, wanavaa barakoa. Yaani ujanja wako wa jana unageuzwa kuwa mzigo wa leo, na unalazimika kufikiri upya. Kambi moja unaweza kuiingia kwa njia kumi: kwa farasi, kwa kujificha ndani ya boksi la karatasi, kwa kuzima jenereta, au kwa kulala kwenye kichaka mpaka lori lipite.

Kuna jambo jingine ambalo mchezaji wa huku atalifurahia. Upande wa Angola na Zaire askari wanazungumza Kikongo na Kiafrikana, na usipomteka mkalimani na kumleta kambini huelewi wanachosema. Si Kiswahili, lakini kusikia lugha ya Kibantu kwenye gemu ya gharama kubwa namna ile, wala si kama kelele za nyuma bali kama kitu unachokihitaji ili ushinde, si jambo la kila siku.

Kasoro sasa. Afrika ile haina watu. Kuna askari wa kukodiwa, kuna watoto waliobebeshwa bunduki, kuna wanyama; hakuna mama anayetwanga, hakuna gulio, hakuna mzee kibarazani. Unapita kijiji baada ya kijiji na wenyeji hawapo. Nusu ya pili ya hadithi imepwaya vibaya: kazi ulizokwisha kuzifanya zinarudishwa kwa masharti magumu zaidi, na mwisho wake unaonekana umekatwa. Kojima na Konami, kampuni iliyoitoa gemu hii, waliachana mwaka huohuo wa 2015, na gemu inaonyesha. Halafu kuna Quiet, mdunguaji wa kike anayevaa nusu uchi toka mwanzo hadi mwisho. Gemu ni ya watu wazima, 18 na kuendelea, na ukiwa na TV moja sebuleni na mama mkwe amekuja kutoka Handeni, utaijua kasoro hiyo haraka.

Kwa banda ni mbaya kupindukia. Ile sehemu ya mwanzo hospitalini, ambako mhusika amezinduka kutoka koma na anatambaa tu, inachukua karibu saa nzima. Elfu moja yako imeisha hujanyata hata hatua moja. Na ukirudi kesho, kama umesevu kwenye akaunti ya wote, aliyekuja jioni anaweza kuwa ameanza upya juu ya kazi yako.

Nyumbani mizani inageuka. Diski ya PS3 au PS4 ina gemu ndani yake, na hadithi inachezeka bila bando. Seva za mtandaoni za toleo la PS3 zilifungwa 2022, lakini anayecheza peke yake halimpati jambo hilo. Tafuta kasha lililoandikwa The Definitive Experience la PS4, la 2016, lenye pia Ground Zeroes, kile kipande cha utangulizi cha 2014 kilicholalamikiwa sana kwa kuuzwa kama gemu kamili wakati kazi yake kuu inaisha chini ya saa mbili. Ndani ya kasha moja hakiumi. Kasha la kompyuta liache kabisa, hata ukipewa kwa bei ya karanga: diski yake ilikuwa na programu ya Steam tu, na gemu yenyewe inabidi uivute mtandaoni, makumi ya gigabaiti. Kwa bando za Kilole hiyo ni sawa na kununua bahasha.

Hitman: Blood Money ni mnyama mwingine. Kila kazi iko mahali pake, na mwanzo na mwisho wake, na mtu anaweza kuimaliza moja kwa saa moja au pungufu. Unaingia kwenye jumba la opera au harusini, unavaa nguo za mpishi au za mlinzi, unamaliza kilichokuleta na kutoka kama uliyealikwa. Kazi ikiisha unaonyeshwa gazeti linaloeleza ulivyoacha mambo, kimya kimya au kwa fujo, na hapo hata walioko kwenye benchi wanacheka. Kwa mtu wa bandani, hii ndiyo ninayoipendekeza, kwani unalipa saa na unaondoka na kazi iliyokamilika. Udhaifu wake mkubwa ni wa kiumeme: unaposevu katikati ya kazi, rekodi hiyo inakaa tu mpaka uzime mashine. Umeme ukikatika umerudi getini. Sura na mikono ya watu imezeeka, na walinzi wanashtuka kwa sababu wanazozijua wenyewe.

Ipo pia kwa simu. Feral Interactive waliitoa 2023 kwa jina la Blood Money – Reprisal, ikiwa na ramani ndogo pembeni ya kioo na uwezo wa kuona walengwa nyuma ya kuta. Unalipa mara moja na hakuna anayekuomba hela katikati ya mchezo. Lakini inataka simu yenye nguvu, na kulipia dukani kwa Google mara nyingi kunataka kadi ya benki au ile kadi ya mtandaoni unayoifungua kwenye akaunti ya pesa ya simu. Kidole kwenye kioo si pedi. Kunyata kunataka hatua ya taratibu, na kioo kinateleza.

Hitman mpya, zilizounganishwa 2023 kuwa World of Assassination, ni bora kuliko zote kwa ufundi: Marrakesh imejaa watu, Dubai inang'aa. Lakini zimefungwa kamba kwenye intaneti. Bila mtandao unacheza, ila silaha mpya, changamoto na maendeleo yako hayahesabiki. Wateja wa duka la GOG waliwaka kwa hasira 2021 kwa sababu hiyohiyo mpaka toleo la 2016 likaondolewa dukani humo, na wale walikuwa watu wenye intaneti ya waya majumbani. Sisi wa bando la wiki tuseme nini?

Snake Eater ya PS2 ndiyo ninayoipenda mwenyewe. Mwaka ni 1964, pori la Urusi, hakuna rada ya kukubeba: unabadilisha nguo zifanane na majani au matope, na namba juu ya kioo inakuambia umejificha kwa asilimia ngapi. Unawinda nyoka na kuwala, unajifunga majeraha. Kuna mdunguaji mzee ambaye ukisevu katikati ya pambano lake na kurudi baada ya wiki, unakuta amekufa kwa uzee; hilo nalo ni kunyata. Tatizo ni maneno. Mazungumzo ya redio na vipande vya sinema ni virefu ajabu, vyote Kiingereza. Filamu za nje zilipata Lufufu wa kuzitafsiri, gemu hazijapata. Bandani utakuwa unalipia sinema usiyoielewa. Nyumbani unaweza kuruka, ingawa ukiruka sana hujui unamfukuza nani. Memori kadi ya megabaiti 8 iwe ya kwako, iandike jina, ondoka nayo.

Splinter Cell: Chaos Theory ya 2005 ni ya mwenye laptopu ya zamani: kipimo cha mwanga, kipimo cha kelele, na kisu. Toleo la PS2 lilipunguzwa; nalo lisikushughulishe.

Mirage inanunuliwa kwa ajili ya Baghdad. Ni karne ya tisa, kuna masoko, vitabu, adhana, na unaweza kuweka sauti zote kwa Kiarabu. Mtu wa mwambao atajisikia jirani. Walinzi wake lakini ni wepesi kudanganyika: piga mluzi kichakani, wanakuja mmoja mmoja kama waliopanga foleni ya kuuawa. Ipo kwa PS4, ni fupi, na haijapanuliwa kwa nguvu ili ionekane kubwa. Iliyoifuata, Shadows ya Machi 2025, ina Yasuke, Mwafrika aliyemtumikia Oda Nobunaga huko Japani karne ya 16, na wapo wanaosema alitoka Msumbiji. Bahati mbaya haipo kwa PS4, na bei yake ya kuanzia ilikuwa dola 70, zaidi ya shilingi 180,000 kwa diski moja. Hiyo ni ya kusubiri miaka.

Mwenye kununua mashine iliyotumika, iwe imeletwa kwa basi kutoka Kariakoo au ya jirani anayehama, aijaribu kwa nusu saa, si kwa kuwasha na kuzima. PS2 huuawa na lenzi: weka diski, icheze mpaka eneo jipya lifunguke, usikilize kama inakwaruza. PS3 na PS4 huuawa na joto na vumbi, na Korogwe tunavyo vyote viwili. Feni ikipiga kelele kama mashine ya kusaga, shusha bei au ondoka. Diski za kuchoma zinachezwa na PS2 iliyochezewa, zinamnyima mwenye kazi haki yake, na ndizo zinazochosha lenzi. PS4 haizikubali.

Hapo ndipo diski halali ya PS4 inapojitetea. Ukiinunua 50,000, ukaimaliza, ukaiuza 35,000 kwa mtu wa Mombo, umecheza kwa 15,000, hela ya saa 15 za banda letu la mfano, na hakuna aliyeguna nyuma yako. Mkichanga watatu mashine moja, kila mtu afungue akaunti yake kabla ya kuanza, ili rekodi zisigongane. Kwa Phantom Pain mwambie muuzaji unataka ya PS4. Akikutolea ya kompyuta na kuapa gemu yote imo ndani ya kasha, mwombe aiweke kwenye laptopu isiyo na bando.